Livingstone ndani ya bato ndogo: siku 45 juu ya Bahari ya Hindi katika mwaka wa 1864

Manguredjipa iko mbali na bahari. Mkaaji wa sekta ya Bapere anayetaka kuona maji ya chumvi anapaswa kwanza kufika Butembo kwa ile barabara ya matope, kisha apite mpaka wa Kasindi, avuke Uganda yote na Kenya yote hadi Mombasa. Hata hivyo, bahari hiyo imo katika maisha yetu ya kila siku. Vitambaa, simu na vipuri vya pikipiki vinavyouzwa Butembo vinapita juu ya Bahari ya Hindi mbele ya kufika kwetu, ndani ya meli kubwa zinazobeba makontena kwa maelfu.

Zaidi ya miaka 160 iliyopita, mtu ambaye wanafunzi wetu wengi wanamjua kwa jina tu katika somo la historia alivuka bahari hiyo hiyo ndani ya bato ndogo iliyotengenezwa kwa ajili ya ziwa. Mtu huyo ni David Livingstone, daktari na mmisionari kutoka Scotland. Wengi wanajua kwamba alitembea Afrika kwa miguu. Wachache wanajua kwamba mwaka wa 1864 aligeuka kapiteni wa bato, akatoka Zanzibar hadi Bombay, India, akiwa na watu 12 tu. Saba kati yao hawakuwa wameona bahari mbele ya kujitolea kwa kazi ile, na wawili walikuwa watoto.

Juu ya nini mtu mwenye miaka 51, aliyezoea barabara za pori, aliweka maisha yake na ya wengine kwenye hatari ya namna hiyo? Ili kupata jibu tunapaswa kurudi nyuma kidogo.

Kijana wa kiwanda cha pamba

Livingstone alizaliwa tarehe 19 mwezi wa tatu 1813, katika mji mdogo wa Blantyre, Scotland. Nyumba yao ilikuwa chumba kimoja kwa jamaa nzima. Akiwa na miaka 10 alianza kazi katika kiwanda cha pamba, kuanzia saa kumi na mbili asubuhi hadi saa mbili usiku. Kazi yake ilikuwa kuunganisha nyuzi zilizokatika. Alisoma kitabu akikiweka juu ya mashine, akipita na kusoma mstari mmoja mmoja. Kwa namna hiyo alifika hadi masomo ya udaktari huko Glasgow.

Mwaka wa 1840 alitumwa Afrika ya Kusini na shirika la wamisionari la London. Ndani ya meli iliyomleta, kapiteni alimfundisha kupima jua na nyota ili kujua meli iko wapi juu ya maji. Baadaye, mtaalamu wa nyota wa huko Cape, Thomas Maclear, alimwongezea ujuzi huo. Wakati ule Livingstone aliutaka kwa ajili ya kuchora karata za inchi kavu. Hakujua kwamba siku moja ungekuwa ndio wokovu wake baharini.

Mwaka wa 1844 simba alimshika na kumvunja mkono wa kushoto. Mfupa ulipona vibaya, na tangu siku ile hakuweza kuinua mkono huo vizuri. Msomaji ashike jambo hilo, tutalirudilia mwishoni. Mwaka uliofuata alioa Mary Moffat, binti wa mmisionari. Kati ya 1854 na 1856 alikata Afrika toka Luanda, upande wa Bahari ya Atlantiki, hadi Quelimane, upande wa Bahari ya Hindi. Aliporudi Uingereza alipokewa kama shujaa, na kitabu chake kikauzwa sana.

Bato iliyonunuliwa kwa feza yake mwenyewe

Mwaka wa 1858 serikali ya Uingereza ilimtuma tena, safari hii kwenye mto Zambezi. Alitumaini kwamba mabato ya biashara yangepanda mto huo mpaka ndani ya inchi, na kwamba biashara ya pamba na ya mazao mengine ingeua biashara ya watu. Lakini maporomoko ya Cabora Bassa yalifunga njia. Wenzake Wazungu waligombana naye, wengine wakaondoka, wengine wakafa kwa malaria. Livingstone alikuwa mtu mwenye subira kubwa kwa njaa na ugonjwa, lakini alikuwa na subira ndogo kwa wenzake.

Alipoona kwamba Zambezi haifai, aliangalia upande wa Ziwa Nyassa, ambalo leo linaitwa pia Ziwa Malawi. Wafanyabiashara wa watumwa walilivuka ziwa hilo na mizigo ya watu kuelekea pwani. Livingstone aliwaza kwamba bato moja ya moshi ikizunguka juu ya ziwa ingeweza kukata njia hiyo. Akaagiza bato itengenezwe Scotland kwa vipande vipande, ili ibebwe kupita maporomoko ya mto Shire na kuunganishwa upya juu ya ziwa. Bato ile, iliyoitwa Lady Nyassa, ilimgharimu karibu pauni 6,000. Haikuwa feza ya serikali. Ilikuwa feza yake, sehemu kubwa ikitoka kwenye kitabu, ni kusema feza ya watoto wake.

Vipande vya bato vilifika mwanzoni mwa 1862 ndani ya meli ile ile iliyomleta mke wake Mary. Nyuma ya miezi mitatu tu, tarehe 27 mwezi wa nne, Mary alikufa kwa malaria huko Shupanga, kando ya Zambezi. Hapo Shupanga ndipo Lady Nyassa iliunganishwa. Kati ya vijana wa pale walioshika kazi ya kuiunganisha alikuwamo mmoja aliyeitwa Susi.

Bato haikufika ziwani hata siku moja. Walianza kuitengua na kufungua barabara kando ya maporomoko ya Shire, lakini katikati ya 1863 barua ilifika kutoka London. Serikali ilikuwa imechoka. Safari imeisha, warudi.

Wanunuzi hawakukosa

Mwanzoni mwa 1864 Livingstone alitoka kwenye mdomo wa Zambezi. Meli za kivita za Uingereza zilikuja kuvuta mabato yake kuelekea Msumbiji. Njiani zoruba kubwa iliwakuta, na Lady Nyassa ikarushwa huku na huku nyuma ya kamba. Bato ilipona. Livingstone aliona kwa macho yake kwamba chombo chake kidogo kinaweza kustahimili bahari.

Sasa alikuwa hana kazi, hana mke, na mali iliyobaki ilikuwa bato hiyo. Angeweza kuiuza pale pale. Katika pwani ya Afrika ya Mashariki bato ya moshi ilikuwa kitu cha kutafutwa sana, na Wareno wangeinunua kwa furaha. Lakini Livingstone alijua kazi ambayo bato ingefanya siku inayofuata. Ina mwendo, haizami sana ndani ya maji, inaweza kuingia mitoni. Ilikuwa chombo kamili kwa kubeba watumwa. Chombo alichonunua kwa ajili ya kuzuia biashara ile kingeitumikia. Aliona afadhali kizame na kulala chini ya bahari.

Akachagua kuipeleka Bombay, mahali ambapo alitumaini kupata mnunuzi wa biashara halali. Toka Zanzibar hadi Bombay ni zaidi ya kilometa 4,000.

Shida ya kwanza ilikuwa kalenda. Watu wa pwani wanajua kwamba Bahari ya Hindi ina majira yake. Upepo wa kaskazi unavuma kuanzia mwezi wa kumi na mbili hadi wa tatu, ukileta majahazi kutoka Arabuni na India. Kisha upepo wa kusi unageuza mambo, ukisukuma majahazi kurudi kaskazini. Lakini kusi ikifika katikati, kwenye mwezi wa sita na wa saba, bahari inachafuka na manahodha wengi wanaweka majahazi yao bandarini. Livingstone aliondoka Zanzibar tarehe 30 mwezi wa nne. Alipaswa kufika mbele ya zoruba za mwezi wa sita. Akikawia, zingemkuta katikati ya maji.

Shida ya pili ilikuwa watu. Fundi wake wa mashine alipata kazi nyingine na kumwacha. Walibaki Wazungu watatu: mmoja wa kuchochea moto wa mashine, mmoja seremala, mmoja baharia. Waliongezeka wanaume saba wa Zambezi, kati yao Susi na mwenzake Amoda, na watoto wawili, Chuma na Wikatani. Watoto hao walikuwa Wayao. Mwaka wa 1861 Livingstone na wamisionari walikuta msafara wa watumwa 84 waliofungwa shingo kwa miti, wakaukata na kuwaweka huru. Chuma na Wikatani walikuwa katika kundi lile, na tangu hapo walikaa na wamisionari. Wamisionari walipoamua kuondoka, hakukuwa na mahali pa kuwaacha watoto bila kuogopa kwamba watakamatwa tena.

Kila mtu na kazi yake

Lady Nyassa ilikuwa na mashine ya moshi, lakini makaa ya mawe ndani yake yalikuwa tani 14 tu. Tani hizo haziwezi kufikisha bato Bombay. Kwa hiyo ilipaswa kwenda kwa matanga, na makaa yawekwe kwa siku za shida. Hapa kwetu tukisema matanga tunafikiri kilio na watu wanaolala nje kwa marehemu. Matanga ya bato ni vitambaa vikubwa vinavyofungwa juu ya nguzo ili vishike upepo. Mtu asiyejua kuyapandisha na kuyashusha kwa wakati wake anaweza kupindua chombo.

Wanaume wa Zambezi walikuwa wajuzi wa mto. Waliufahamu mtumbwi, mkondo na mchanga. Lakini mto una ukingo pande zote mbili. Juu ya bahari, nyuma ya siku ya pili, hakuna kitu cha kuangalia ila maji, na anayeshika usukani hana mti wala mlima wa kumwongoza. Anaangalia dira tu, ile sindano ndogo inayotikisika, na kuhakikisha haiondoki kwenye alama aliyoonyeshwa. Walijifunza kazi hiyo kwa siku chache. Ilikuwa lazima, sababu baharia na seremala waliugua na kulala kwa siku nyingi. Ni kusema bato iliyotoka Scotland iliendeshwa juu ya bahari kubwa na vijana wa Shupanga na wenzao, ambao miezi michache nyuma hawakujua kwamba maji yanaweza kuwa na chumvi.

Kazi ilikwenda kwa zamu, mchana na usiku, kwani bato haisimami ili watu walale. Mmoja anashika usukani, mwengine anaangalia mbele, wengine wanangoja amri ya matanga. Livingstone mwenyewe hakuwa na mtu wa kumpokea katika kazi moja: kujua wapi walipo. Saa sita za mchana alipima urefu wa jua kwa chombo chake, akalinganisha na saa iliyowekwa kwa wakati wa Uingereza, kisha akafanya hesabu na kuweka alama juu ya karata. Wingu likifunika jua, hakuna kipimo. Kosa dogo katika hesabu linaweza kupeleka bato mbali sana na mahali inapokwenda.

Umbo la bato pia lilikuwa adui. Chombo cha mto na ziwa kinatengenezwa na tumbo bapa ili kisikwame kwenye mchanga. Meli ya bahari ina tumbo refu linaloshuka ndani ya maji na kuishika isiyumbe. Lady Nyassa haikuwa na tumbo hilo. Kila wimbi la upande liliilaza, kisha likairudisha, kisha likailaza tena. Katika bato kama hiyo mtu anakula akishika sahani kwa mkono mmoja na ukuta kwa mkono mwengine. Analala akijibana ili asianguke. Maji ya chumvi yanaingia kwenye nguo na kwenye blanketi, na kitu kilicholowa chumvi hakikauki vizuri hata jua likiwaka.

Upepo unaisha

Hatari iliyowapata kwanza haikuwa zoruba. Ilikuwa kimya. Upepo ulikatika, matanga yakaning'inia kama nguo juu ya kamba. Zaidi ya siku 20 za safari zilipotea kwa namna hiyo, bato ikisukumwa na mkondo wa maji tu.

Mtu anayesafiri Butembo–Manguredjipa kwa mvua anaweza kufahamu kidogo. Camion imekwama, chakula kinapungua, na hakuna wa kumlaumu. Lakini anayekwama barabarani anaweza kushuka na kutembea hadi kijiji. Juu ya bahari hakuna kijiji. Kulikuwa na makaa, ndiyo, lakini kuyachoma leo ni kuyakosa siku ya kuingia bandarini. Livingstone alipaswa kupima kila siku: tuwashe mashine au tungoje?

Walitazama samaki wenye kuruka, pomboo na papa. Watoto wawili walikuwa pale, wakipita kutoka utoto wa kijiji hadi inchi wasiyoijua, juu ya maji yasiyo na mwisho. Na kalenda iliendelea kutembea. Mwezi wa tano ulikuwa unaisha. Kila siku ya kimya ilikuwa siku moja karibu zaidi na zoruba.

Katika siku hizo Livingstone alifikiri sana juu ya kifo. Aliwaza watoto wake walio Scotland, ambao mama yao alikuwa ameshazikwa kando ya Zambezi. Alijiuliza kama alikuwa na haki ya kuweka maisha hatarini kwa namna ile. Swali hilo lina uzito hata leo. Kukataa kuuza bato kwa wafanyabiashara wa watumwa lilikuwa jambo jema. Lakini gharama ya wema huo haikulipwa na yeye peke yake. Watu wengine 12 walikuwa juu ya bato, na wawili hawakuwa na umri wa kuchagua.

Zoruba

Upepo ulipokuja, ulikuja kwa nguvu. Mwanzo wa mwezi wa sita kusi ilianza kuonyesha meno. Mvua ilipiga kwa kushtukiza, radi zikafuatana, mawimbi yakapanda. Upepo wa ghafula ulipasua matanga, na kila tanga lililopasuka lilipaswa kushushwa na kushonwa huku bato ikirukaruka. Wanaume walipanda kufunga vitambaa vilivyolowa maji, vizito kama ngozi ya ng'ombe, wakishika kwa mkono mmoja.

Bato bapa ambayo ilikuwa adui siku za kimya ilionyesha sasa uzuri wake. Ilikuwa nyepesi. Badala ya kuzama ndani ya wimbi, ilipanda juu yake kama kifuu cha nazi. Livingstone alishangaa kuona namna inavyostahimili. Wanaume wa Zambezi hawakuacha usukani. Baadaye aliandika habari zao kwa sifa kubwa, na mtu aliyejua ukali wake kwa wenzake anaona kwamba hakutoa sifa hizo bure.

Tarehe 13 mwezi wa sita, nyuma ya siku 45, walikaribia India. Ukungu ulifunika inchi, hawakuona mlima wala mji. Kisha nguzo za meli nyingi zikatokea kwenye ukungu kama miti ya pori. Ilikuwa bandari ya Bombay. Zoruba kubwa za majira zilikuwa mlangoni. Kama wangekawia zaidi kidogo, pengine hadithi hii isingekuwa na mtu wa kuisimulia.

Hakuna aliyekuja kuwapokea. Bato ilikuwa ndogo hata watu wa bandari hawakuitambua. Mtu aliyekuwa maarufu kuliko wasafiri wote wa Uingereza alishuka bandarini kama mfanyakazi tu.

Kutoka Bombay hadi Nyangwe

Gavana wa Bombay, Bartle Frere, alimpokea vizuri aliposikia habari. Chuma na Wikatani waliwekwa kwenye shule ya wamisionari. Susi na Amoda walipata kazi bandarini. Livingstone alipanda meli kwenda Uingereza, akaiacha bato ikingoja mnunuzi.

Alirudi Bombay mwaka wa 1865 na hatimaye akaiuza kwa pauni 2,300, chini ya nusu ya gharama yake. Feza hiyo aliiweka katika banki moja ya pale. Banki ikaanguka, feza yote ikapotea. Kwa mtu anayehesabu faida na hasara, safari ya siku 45 haikuleta hata pauni moja.

Lakini kuna faida nyingine. Mwanzoni mwa 1866, alipoondoka tena Bombay kwenda Afrika, aliwachukua Chuma, Wikatani, Susi na Amoda. Wikatani alikuta watu wa jamaa yake karibu na Ziwa Nyassa, akabaki nao. Wengine waliendelea.

Safari hiyo ya mwisho ndiyo inayotugusa sisi wa Mashariki ya Kongo. Mwaka wa 1869 Livingstone alivuka Ziwa Tanganyika na kuingia Manyema, Maniema ya leo, jirani yetu wa kusini-magharibi. Alitafuta mto Lualaba, akiamini kwamba ndio mwanzo wa Nile. Alikosea: Lualaba ni mto Kongo, mto ule ule unaopokea maji yote ya misitu yetu ya Bapere. Huko Bambarre, karibu na Kabambare, vidonda vya miguu vilimlaza ndani ya nyumba kwa wiki nyingi. Wengi walimkimbia. Alipojaribu kuendelea mwaka wa 1870, alibaki na watu watatu tu. Wawili kati yao walikuwa Susi na Chuma, mabaharia wake wa zamani.

Ukweli unapaswa kusemwa wote. Mtu aliyekataa kuuza bato kwa wafanyabiashara wa watumwa aliishi Manyema kwa chakula na ulinzi wao. Mmoja wao, Muhammad Bogharib, alimuuguza alipokaribia kufa. Livingstone aliwapenda baadhi yao kama watu, akachukia kazi yao, na hakupata njia ya kutoka katika fundo hilo.

Tarehe 15 mwezi wa saba 1871, fundo lilikatika. Ilikuwa siku ya soko huko Nyangwe, kando ya Lualaba. Wanawake wengi walikuja na mihogo, samaki na kuku. Watu wa wafanyabiashara walianza kufyatua bunduki katikati ya soko. Watu walikimbilia mitumbwi, mitumbwi ikajaa, wengine wakaruka majini na kuzama. Wafanyabiashara wenyewe walikisia kwamba waliokufa walikuwa kati ya 330 na 400. Msomaji wa Beni, Lubero au Manguredjipa hahitaji kuelezwa namna watu wanavyokimbia siku kama hiyo, wakiacha mizigo chini.

Livingstone hakuweza tena kusafiri na watu wale. Alirudi Ujiji akiwa mgonjwa, bila kitu. Miezi michache baadaye Henry Morton Stanley alimkuta huko, na pamoja walipanda mtumbwi hadi kaskazini ya Tanganyika, wakaona kwamba mto Ruzizi unaingia ziwani, hautoki. Stanley alibeba habari ya Nyangwe hadi Ulaya. Ilichochea hasira iliyosaidia kumsukuma sultani wa Zanzibar kufunga soko la watumwa mwaka wa 1873.

Stanley alirudi baadaye, akafuata Lualaba hadi baharini, kisha akafanya kazi ya Leopold II. Njia iliyofunguliwa kwa jina la kumaliza utumwa ilipitisha mateso mengine, ambayo babu zetu waliyabeba kwa jina la kauchu. Livingstone hakuyaona hayo.

Mabaharia wanabeba kapiteni

Alikufa tarehe 1 mwezi wa tano 1873 katika kijiji cha Chitambo, katika Zambia ya leo. Waliomkuta wangeweza kumzika pale na kurudi kwao. Kubeba maiti kupita inchi za watu kulikuwa hatari kubwa, na hakuna aliyewaamuru. Susi na Chuma waliongoza uamuzi. Moyo ulizikwa chini ya mti. Mwili ulikaushwa kwa chumvi na jua, ukafungwa kwa gome la mti na kitambaa. Kundi la watu kama 60 waliubeba kwa miezi mingi, zaidi ya kilometa 1,500, hadi Bagamoyo, mbele ya bahari, ambako walifika mwezi wa pili 1874.

Huko London, madaktari walitaka kuhakikisha ni yeye. Waliangalia mkono wa kushoto, wakakuta mfupa uliovunjwa na simba. Alizikwa Westminster tarehe 18 mwezi wa nne 1874. Susi na Chuma walifika Uingereza nyuma ya maziko, sababu hakuna aliyefikiri kuwalipia njia kwa wakati. Walisaidia kueleza na kupanga daftari za safari yake ya mwisho. Chuma alikufa Zanzibar mwaka wa 1882, Susi mwaka wa 1891.

Makumbusho na sanamu za Livingstone ni nyingi. Lady Nyassa haina hata moja, na majina ya wengi kati ya wale saba wa Zambezi hayakuingia katika vitabu vya shule. Lakini ni wao walioshika usukani wakati baharia alikuwa mgonjwa. Na yule mtoto aliyekatwa kamba shingoni mwaka wa 1861, akavushwa bahari ndani ya bato iliyokataliwa kuuzwa, ndiye aliyesimama Bagamoyo miaka kumi na mitatu baadaye, amemfikisha kapiteni wake mbele ya maji yale yale.

Bato iliuzwa, feza yake ikapotea bankini. Watu waliokuwa ndani yake walibaki.